Nilivyoona filamu tano za tamasha huku nikishona sare za harusi

Habari ya tamasha niliipata kwa mteja. Alikuja kujaribu gauni la kicheni pati, na wakati namwekea pini kiunoni akawa anasoma ratiba kwenye simu: filamu za Kiafrika, za sasa na za zamani, siku sita, ukumbi uko Upanga, hapa Dar es Salaam, kiingilio bure. Nikamwambia asitikisike. Nilipomaliza pini nikamwomba anitumie ile ratiba WhatsApp.

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko Mtoni kwa Aziz Ali, nyumbani ni Mbagala Rangi Tatu. Filamu nazipenda tangu utotoni, lakini nimekulia kwenye kibanda umiza: benchi la mbao, muvi ya Kichina, na sauti ya mtafsiri juu yake akitueleza kila kitu, mpaka yale ambayo hayakusemwa. Sinema ya kukaa kimya gizani bila mtu wa kukusimulia sikuwa nimeizoea, na nilikuwa na hamu ya kuijua. Tatizo ni kwamba wiki hiyo hiyo nilikuwa na sare kumi na mbili za harusi za kukabidhi Jumamosi asubuhi.

Nikachukua karatasi ya kaki ninayokatia mitindo, nikaichora siku sita. Kukata kunataka kichwa kilichopumzika, kwa hiyo nikaamua kukata alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, kabla mtaa haujaanza kelele. Mchana binti ninayemfundisha kazi apige mashine, mimi nikisimamia. Vifungo, pindo na pasi vibaki vya usiku nikisharudi. Kila jioni kulikuwa na filamu mbili, ya saa kumi na mbili na ya saa mbili. Ya saa mbili nikaifuta siku zote sita bila huruma, kwa sababu ukitoka Upanga saa nne usiku, kufika Rangi Tatu ni mtihani.

Aliyebaki ni mwanangu wa miaka minane. Nilidhani mama atakataa kukaa naye kila jioni, maana yeye akisikia muvi huwa anasema ni kupoteza muda. Kumbe nilikuwa simjui. Aliponisikia natamka neno sinema akaweka ungo chini, akaanza kunihadithia ile Drive-In ya Msasani, sinema ya wazi ya kutazama ukiwa kwenye gari, iliyofunguliwa mwaka 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Anasema walikuwa wanapanda nyuma ya pikapu ya mjomba wake, watu tisa, na sufuria la pilau limefunikwa kwa khanga, wanakwenda kutazama picha za Kihindi. Kihindi hawakijui hata kidogo, lakini walilia wote. "Nenda mwanangu," akasema, "huyu mwachie bibi yake."

Jumatatu mambo hayakwenda vizuri. Filamu ya saa kumi na mbili ilianza karibu na saa moja, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika, na alipofika ikabidi ahutubie, kisha ashukuriwe. Hili liliniuma kwelikweli. Watu wa Masaki wana magari yao nje. Sisi wa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara kila dakika ya hotuba tunailipa barabarani. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Viti vilipangwa kwenye sakafu iliyo sawa, na maandishi ya tafsiri yanapita chini ya pazia, kwa hiyo nilichokiona zaidi ni visogo. Filamu yenyewe ilikuwa ya polepole, ya Kifaransa, na mimi nikipata nusu ya sentensi inakimbia. Nikarudi nyumbani na kichwa kizito, nikashona vifungo bila kusema neno.

Nilipokuwa navishona nikawaza: kama kasoro ni kiti, kiti kinabadilishwa. Jumanne nikafika mapema, nikakaa safu ya pili, kiti cha pembeni kabisa karibu na njia, ambapo mbele yako hakuna kisogo. Halafu nikaacha kusoma kila neno. Nasoma mstari wa kwanza, narudisha macho usoni kwa mtu, kinachobaki nakiacha. Uso unakueleza mengi. Mteja akivaa gauni lisilomkaa atakwambia ni zuri, lakini uso wake umeshasema.

Filamu ya Jumanne ilikuwa Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014. Watu wenye bunduki wameuteka mji wa Timbuktu, kule Mali, wameleta sheria zao: muziki marufuku, mpira marufuku, wanawake wavae glavu na soksi. Kuna mama muuza samaki sokoni. Wanamfuata wanamwambia avae glavu. Anawajibu kwa hasira: samaki ananyunyiziwa maji, nitashikaje samaki na glavu? Anawanyooshea mikono yake, wakitaka waikate. Mimi niliangalia vidole vyangu pale gizani. Hiki cha shahada kina kovu la sindano ya mashine. Kitambaa nakijua kwa ncha za vidole kabla sijakitazama. Satini ya kweli na ile ya kuigiza, ukifumba macho, vidole vinakwambia. Nani atanifunika vidole anifundishe kazi yangu? Yule mama sikumwona kama mtu wa Mali. Nilimwona kama mama wa soko la samaki la Feri anayebishana na mgambo.

Halafu kuna vijana wanacheza mpira usiokuwepo. Mpira umekatazwa, basi wanacheza bila mpira: wanapiga pasi, kipa anaruka, wanashangilia goli. Ilichukua dakika kadhaa bila mtu kusema kitu. Kwenye kibanda umiza mtafsiri angepajaza maneno pale, na angetuharibia. Pale ndipo nilipoelewa nilichokuja kutafuta. Ukumbi mzima ulikuwa umetulia, na jirani yangu, mzee wa makamo, alikuwa anatikisa mguu kama anayetaka kupiga yeye ule mpira.

Jumatano sikwenda. Zipu zilizoletwa zilikuwa fupi, nikashinda Kariakoo nikizibadilisha.

Alhamisi walionyesha Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ya hapa kwetu, dakika 36 tu. Inahusu mke mgonjwa, hospitali iliyoshindwa na hofu yake kwa mganga. Picha imechakaa na sauti inakwaruza, lakini nilifurahi kuona watu wanatembea, wanakaa na kusalimiana taratibu, kama walivyofanya wazazi wetu. Ilipokwisha nikapata kiti kwenye daladala Gerezani mapema, na hilo nalo lilikuwa jema.

Ijumaa ndiyo siku niliyoingoja: Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Riwaya hiyo niliisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani, wahusika na dhamira zake nikazikariri kama ratiba ya maji. Mwaka 2021 filamu hii ilionyeshwa Toronto, Kanada, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Sisi wa kwetu tumechelewa kuiona kuliko hao.

Nianze na nguo, kwa sababu ndizo zilizonivuta kwanza. Kinachonikera kwenye filamu zetu nyingi ni mavazi yasiyoishi na mtu. Mama wa kijijini amevaa kitenge chenye mkunjo wa dukani bado, kucha ndefu, wigi limechanwa asubuhi hiyo. Fundi akiona hivyo anatoka kwenye hadithi palepale. Humu ni miaka ya 1950 Zanzibar, na nguo zimekaa mwilini kama zimefuliwa mara mia. Yasmin, binti wa Kihindi aliyekimbia ndoa aliyoozwa, na Mwajuma, shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo, kila mmoja ana namna yake ya kujitanda, na namna hiyo inakwambia nani amelelewa kubanwa na nani ameshajifungua. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, na akifungua mdomo kuimba unaamini kwamba yule ni mtu wa pale.

Kitu kingine sijawahi kukiona popote. Filamu ina Kiswahili cha Unguja, maandishi ya chini ni Kiingereza, na ukumbi ulikuwa nusu wageni. Likija neno la kuchekesha, kicheko kilikuja mara mbili: kwanza sisi, kisha wao wakishasoma. Mara nyingine chetu kilikuja na chao hakikuja kabisa, kwa sababu neno halikutafsirika. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nachelewa kucheka kwenye sinema za watu. Usiku ule nilitangulia.

Lakini siwezi kusema sikuwa na neno. Mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana mpigania uhuru, yanakwenda haraka mno. Kitabuni tunamngoja Denge, tunamhofia, tunasikia habari zake kabla hajagonga mlango. Kwenye filamu wanatazamana vizuri sana, rangi za chumba ni za kupendeza sana, na ghafla tumeshafika kwenye machozi ambayo sikuwa nimeyaandaa. Najua saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima. Ila ningekubali wapunguze mandhari ya moshi na mwanga wa dirishani wanipe mazungumzo mawili zaidi kati ya hao wawili. Nilimwambia hivyo dada tuliyechangia naye bajaji kurudi, yeye na mwenzake wanashuka Temeke. Akakataa katakata. Akasema filamu ni macho, mwenye kutaka maneno arudi kwenye kitabu. Tulibishana mpaka Tazara, dereva naye akaingilia.

Usiku ule sikulala. Nilimalizia pindo za sare saba mpaka adhana ya alfajiri, na saa mbili asubuhi Jumamosi nilikabidhi zote kumi na mbili, zimepigwa pasi, zimetundikwa. Hakuna iliyorudishwa.

Mchana nikaoga, nikamchukua mwanangu twende Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya mwaka 2018. Msichana mdogo, Jo, ni mgonjwa asiye na tumaini la kupona, na anapenda filamu za mashujaa. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Na nani yumo kati yao? Mwenye kibanda cha video, yule anayetafsiri muvi za ngumi kwa mdomo wake! Nilishika mkono wa mwanangu nikamnong'oneza: ndivyo mama yako alivyokuwa anatazama.

Mwisho wake siusimulii. Mama wa Jo anataka binti akae ndani ahifadhiwe, dada yake anataka acheze, na mimi niliyemfungia mwanangu ndani wiki nzima mwaka jana kwa sababu ya kikohozi nilikuwa upande wa mama mpaka katikati. Baada ya hapo sikujua tena niko upande gani. Mwanangu hakulia. Alikaa ukingoni mwa kiti, na taa zilipowaka aliuliza kama tunaweza kutengeneza na sisi, mimi nishone joho.

Mlangoni nikamfuata kijana wa tamasha aliyekuwa anakusanya ratiba. Nikamwambia mwakani walete hata jioni moja Mbagala: pazia jeupe, spika mbili, Zakhem pana nafasi. Nikamwambia na saa ya kuanza iwe saa ya kuanza. Akaandika, na namba yangu akaichukua.

Nyumbani bibi na mjukuu walikaa mkekani, mtoto akamsimulia Supa Modo yote, kwa mikono na miguu, muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza hilo tamasha la mwakani ni mwezi gani, na kama viti vyao vina mgongo.