Mwana wa kweli akaulizwa: u nani?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno letu la juma hili ni Mwanzo 27. Naomba mlisome hadi mwisho, maana tumezoea kuishia pale Yakobo anapopata baraka.

Isaka amezeeka, macho yamefifia, na anataka kumbariki Esau, mwanawe wa kwanza. Rebeka mkewe anapanga kila kitu ili Yakobo, mdogo wake Esau, ajifanye Esau na kuipata baraka hiyo: mavazi ya Esau yenye harufu ya porini, ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, na nyama ya mbuzi iliyoungwa mpaka ikapita kwa mawindo. Mzee aliyependa mawindo maisha yake yote akala mbuzi wa zizini asijue. Alichopapasa, alichonusa na alichoonja, vyote vilikuwa vya kuigiza. Kitu kimoja tu Rebeka hakuweza kukipika, nacho ni sauti. Ndipo mzee akasita: "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau."

Mstari huo haujanitoka tangu yaliyompata mama mmoja wa ushirika wetu hapa Busia, Uganda. Mwanawe ni fundi wa magari Katwe, Kampala. Mchana mmoja simu ililia, namba ngeni, sauti ya mwanawe kabisa, hadi kale kakikohozi anakotanguliza kabla ya kusema "mama". Amegonga mtu, yuko polisi, pesa itumwe kwa namba hii, baba asiambiwe. Mama akakimbia kwa wakala akatuma shilingi 300,000, karo ya mjukuu. Jioni mwanawe akapiga kumjulia hali, hana habari ya lolote.

Siku hizi kuiga sauti hakuhitaji mengi. Mapema mwaka 2023 Microsoft walionyesha programu iliyoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde 3 tu. Ushuhuda alioutoa mwana wa mama huyu kanisani ulizunguka kwenye simu zetu, dakika nzima nzima, na mimi ni mmoja wa walioutuma mbele kwa furaha. Kile alichokikosa Rebeka, mwizi wa leo anacho mfukoni.

Karo tulichanga, ikarudi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sasa mwanawe akipiga, mama hunyamaza kwanza. Tazameni mstari wa 32: Esau anaingia na mawindo yake ya kweli, na yeye pia anaulizwa, u nani? Mwigaji amekwisha kutoka na baraka. Mwana halali amebaki anajieleza kwa babaye mwenyewe, kisha analia kilio cha uchungu. Udanganyifu ukishaingia nyumbani, mkweli ndiye anayelipa.

Wengine mmeniuliza kama akili mnemba (AI), yaani hizi programu za kompyuta zinazoiga akili na sauti za watu, ndiyo yule mnyama wa Ufunuo. Sitaki kwenda huko. Tukikaa kumngoja mnyama mwenye pembe, tutalishwa mbuzi aliyeungwa vizuri. Lakini hofu yenu siidharau, kwa sababu waliozitengeneza mashine hizi wanayo pia. Geoffrey Hinton, aliyezifanyia kazi kwa miongo mingi na kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024, aliondoka Google mwaka 2023 ili aseme kwa uhuru kwamba huenda zikatuzidi akili na kututoka mikononi. Mwaka huohuo, yeye na mamia ya wenzake, wakiwamo wakuu wa kampuni zinazoziunda, walitia sahihi tamko kwamba hatari ya akili mnemba kuangamiza wanadamu ichukuliwe kwa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Sisi ambao shule zetu zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022 tunajua ugonjwa wa mlipuko ni nini.

Na mashine haihitaji kutuchukia ili ituumize. Hizi za mazungumzo, unazoziuliza swali zikakujibu, hufunzwa, kwa sehemu, kwa watu kuchagua jibu lililowapendeza zaidi. Basi inajifunza kupendeza, na kupendeza si kusema kweli. Hapa narudi kwa Isaka. Tunamhurumia kwa upofu wake, ila sikio lake lilimwambia ukweli, na alilipuuza kwa sababu chakula kilikuwa kimeandaliwa "namna ile niipendayo". Hamu yake ilimshinda kuliko macho yake. Nasi tunasambaza bila kuuliza video ya kiongozi akisema maneno tuliyotamani ayaseme, au unabii unaotusifu.

Kwa hiyo naomba haya kwenu. Kila nyumba iwe na neno lake la siri, lisiloandikwa popote. Simu ya shida ikija, ikateni, mpige namba mnayoijua. Na wachungaji, nami nikiwamo, tukiombwa kuthibitisha kwamba ni sisi, tusikasirike. "Zijaribuni hizo roho" liliandikwa kwa waumini, na anayetujaribu hajatukosea adabu.

Jumamosi iliyopita yule kijana alipanda basi kutoka Kampala bila kupiga simu. Alifika magharibi, akabisha hodi. Mama alifungua mlango, akaishika mikono yake yenye grisi, akaipapasa muda mrefu, kisha akamwambia karibu.