Flashi ya mama na vimshale vyake

Leo hapa Amu (mji wa Lamu), duka la kuchapisha karibu na uwanja wa Mkunguni. Mama mmoja kaja na flashi yenye ripoti za kikundi chao. Kuifungua tu, kila folda ina kimshale kidogo kwenye kona.

"Zimeliwa zote, mwanangu?"

Hazijaliwa, mama. Zimefichwa.

Kirusi hiki huficha folda halisi, kisha huweka shotikati (njia ya mkato, ndiyo yenye kile kimshale) yenye jina lilelile. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na huku nyuma chenyewe kinajipenyeza kwenye kompyuta. Ndiyo maana watu hukaa nacho muda mrefu bila kushtuka.

Tulianza na kompyuta, sio flashi. Ukisafisha flashi ukaichomeka tena kwenye mashine chafu, kazi bure. Skani kamili kwa Windows Defender (kinga ya virusi ya Windows yenyewe), halafu kwenye CMD, dirisha la kuandikia amri, tukazifichua folda:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(E ni herufi ya flashi. Yako yaweza kuwa F, angalia kwanza.)

Folda zikarudi. Tukanakili nyaraka na picha pekee. Chochote kinachoishia .lnk (shotikati) au .vbs (faili la amri) tukakiacha hapohapo, flashi ikafomatiwa.

Raha yangu ni kile kimshale. Mama alikidaka mara moja, akaanza kuwaonyesha vijana wa kaunta: "Ukiona hichi, usibofye!" Semina nzima haifiki hapo.

Wenye saiba Malindi na Lamu, nyinyi otoplei (flashi kujifungua yenyewe ikichomekwa) mmezima? Na flashi za wateja mnazipima kwenye mashine gani?