Ng'ombe aliyekatwa vipande viwili

Orodha yangu ya wanyama ilikuwa na majina manne, Lisp (lugha ya kuandikia programu) ikahesabu matano.

Nilikuwa natengeneza kamusi ndogo ya kujipima msamiati, nikaamua kuyaweka maneno kwenye faili kama orodha za Common Lisp (aina mojawapo ya Lisp) zenyewe, ili kazi ya kuyachambua niiachie `read`, amri yake ya kusoma. Uvivu, nakiri. Nikaandika `(paka mbuzi ng'ombe kuku)`, kikarudi hiki:

```
(PAKA MBUZI NG 'OMBE KUKU)
```

Herufi kubwa hazikunishtua, ndivyo Common Lisp inavyosoma majina usipoiambia vinginevyo. Kilichoniumiza kichwa ni kwamba ng'ombe wengine ndani ya faili lilelile walipita wazima. Jioni nzima iliisha ndipo nikagundua kuwa hao niliwabandika kutoka kwenye simu, na simu yangu huweka ritifaa (ile alama ya kwenye ng') iliyopinda. Kwa macho ya haraka huoni tofauti. Kwa Lisp hiyo iliyopinda ni herufi nyingine kabisa, haina kazi yoyote maalumu. Iliyonyooka ndiyo yenye kazi: `'x` maana yake ni jina `x` lenyewe, si thamani yake.

Msomaji wa Lisp huchukua herufi mojamoja, na kila moja anaitafuta kwenye jedwali: hii ya kujenga neno, hii nafasi, hii ya kukinga zinazofuata (`\` na `|`), hii makro, yaani ya kuamsha kazi maalumu. Makro nazo zina tabia mbili. Nyingi hukata neno popote zinapotokea, kama mabano, nuktamkato na hiyo ritifaa yetu. Nyingine huamka zikiwa mwanzoni tu. Zikikutwa katikati ya neno zinahesabiwa herufi za kawaida. Kwenye jedwali la kawaida yenye tabia hiyo ni `#` peke yake.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la pupa:

```
(set-syntax-from-char #\' #\a)
```

Ng'ombe akapona, ila tangu hapo kila `'x` niliyoandika ikawa jina la kigezo kisicho na thamani. Nilitegemea `load`, amri ya kuendesha faili la programu, ikimaliza irudishe mambo yalivyokuwa. Kweli hurudisha jedwali lililokuwepo kabla, lakini mimi sikuwa nimeweka jedwali jipya; nilikuwa nimelichezea lilelile. Iliniokoa `(setf *readtable* (copy-readtable nil))`, inayoweka nakala mpya ya jedwali la kawaida.

Mwishowe nikafanya hivi:

```
(let ((*readtable* (copy-readtable nil)))
  (set-macro-character #\' (get-macro-character #\') t)
  (read faili))
```

Kazi yote iko kwenye ile `t` ya mwisho: inaiambia ritifaa isikate neno. Sasa `ng'ombe`, `ng'ambo` na `ng'oa` zinasomwa nzimanzima, na `'x` inaendelea na kazi yake ya zamani, maana hapo ritifaa iko mwanzoni.

Wale ng'ombe wa simu nao walikuwa bado wanahesabiwa mnyama wa aina nyingine. Nikafungua faili kwenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi, nikazinyoosha ritifaa zote kwa mkupuo mmoja.