Vumbi la kifusi cha Fukushima

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe, na ndiyo iliyonifanya nifuatilie yaliyotokea Fukushima, Japani, zaidi ya miaka miwili baada ya ajali ya nyuklia ya Machi 2011. Miripuko ya wiki ile inajulikana kwa wengi, lakini habari ya kifusi haijulikani sana.

Tarehe 19 Agosti 2013 kilikuwa kikiondolewa kifusi cha zege na vyuma juu ya jengo la kinu namba 3 cha mtambo wa nyuklia, lililoripuka tarehe 14 Machi 2011. Vumbi lililotuama humo lilikuwa na sesiamu 137, kitu chenye mionzi ambacho huchukua takriban miaka 30 kupungua kwa nusu, na kifusi kilipoguswa likapanda hewani. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakisubiri basi walikutwa na vumbi lenye mionzi mwilini. Wiki moja kabla walikuwa wamekutwa nalo wenzao kumi.

Mwaka huo mpunga wa Minamisoma, mji ulio kaskazini ya mtambo, ukiwemo wa mashamba yaliyo zaidi ya kilomita 20 kutoka mtamboni, ulikutwa umepita kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa katika chakula, yaani bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kilo. Wizara ya kilimo ilishuku vumbi lile; mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ilikuja kusema kwamba silo lililosababisha. Hata hivyo, linaloniuma ni kwamba wizara iliieleza kampuni yenye mtambo shaka yake Machi 2014, ilhali wakaazi walikuja kuzisoma habari hizo magazetini mwezi wa Julai, wakati msimu mwengine wa mpunga umeshaanza.

Kwetu hakuna anayefagia uwanja mkavu bila ya kuurashia maji kwanza, na Fukushima nako hupuliziwa dawa ya utomvu inayogandisha vumbi. Kabla ya kufungua paa la turubali lililofunika kinu namba 1, mafundi walilitoboa matundu na kupenyeza dawa hiyo ndani, kisha wakaondoa paneli mbili tu kwa majaribio, wakapima hewa, wakazirejesha. Hiyo ndiyo subira ninayoitaka hata kwa ukuta wa mawe na chokaa, ambao vumbi lake halina mionzi lakini huingia vifuani mwa watoto wa jirani. Anayekaa upande unakoelekea upepo aambiwe siku ya kubomoa mapema, apate kufunga madirisha na kuanua nguo zake.