Marahaba ya Jumanne

Saa nne usiku, umeme umekatika, naandika kwa simu yenye chaji asilimia 19. Wiki ilikuwa kubwa: mnada wa kwanza wa korosho msimu huu umepita, mdogo wangu kajifungua salama hospitali ya Ligula (wa kike, jina bado wanaligombania), na ile kesi ya kaka na bodaboda niliyowahadithia imekwisha, kaiuza. Kichwani sina hata kimoja kati ya hivyo. Nina neno la Babu wa mzani.

Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, nikaingia ghalani na daftari. Babu kakaa juu ya ndoo aliyoipindua, anashona gunia. Nikasema, "Magunia mangapi hayajashonwa?"

Akavuta uzi mpaka mwisho. "Marahaba, Katibu."

Kisha, "Thelathini na mbili."

Nikaandika 32, nikageuka. Nimefika mlangoni ndipo iliponichoma: ameitikia shikamoo ambayo sikumpa.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo palipouma. Wabebaji walikuwa watano, wote wakawa wanaangalia viatu vyao, na mmoja wao hana viatu.

Nimeirudia marahaba hiyo nikikuna nazi, nikiwa kwenye foleni ya benki, Alhamisi ndani ya basi nikienda Ligula. Mara naisikia ya upole, mzee anamsitiri mtoto wake mbele za watu. Mara naisikia kama kofi. Sauti yenyewe haikuwa na chochote, ilikuwa ileile ya thelathini na mbili. Ila siku zote huniita mjukuu wangu. Hiyo "Katibu" aliitoa wapi?

Mnajua tangu nipewe ukatibu meneja wa chama chetu cha wakulima nimekuwa mtu wa namba. Mwezi uliopita tulipelekwa semina ya uongozi Mtwara mjini, siku mbili, kiyoyozi cha kuua mtu. Mkufunzi akasema kiongozi mwenye fikra mpya huanza siku na takwimu, haanzi na porojo. Nikaandika, nikapigia mstari. Kuna kimoja kilinikaa vizuri: kwamba Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, huwasimulia watu habari za shule moja ya Chicago ambako asiyefaulu somo haandikiwi kafeli, anaandikiwa "bado". Nikacheka peke yangu. Sisi si ndiyo maisha yetu? Umekula? Bado. Umeolewa? Bado. (Shangazi, nakuona.) Nikarudi Newala na fikra mpya, nikabandika karatasi ya malengo ukutani, na salamu nadhani niliziacha kwenye basi pale Nanyamba.

Na huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoingia ukarani nilikuwa naamini kipima unyevu tu. Babu akanijazia korosho kiganjani, akasema tikisa, sikiliza; iliyokauka inalia kwa ndani. Bonyeza kwa ukucha, ukiona alama mrudishie mwenyewe akaianike tena. Amepima kabla stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani ndipo ziuzwe mnadani, haijaanza 2007, akapima 2018 serikali ilipotuma wanajeshi kuja kusomba korosho, viongozi wanabadilika yeye yuko na ndoo yake. Kila namba ninayoisoma kwa sauti kubwa kwenye mkutano imepita mikononi mwake kwanza. Nami naenda kuichukua kama mtu anayedai deni.

Leo Jumamosi nikawahi, bila daftari. Nikachuchumaa mbele ya ndoo. "Babu, ile Jumanne sikukusalimia."

Akaendelea kushona. "Bado hata leo."

Nilicheka mpaka nikakaa vumbini na khanga yangu safi. Shikamoo ikatoka katikati ya kicheko, na yeye akaivuta, marahabaaa mjukuu wangu, akaniuliza mama, akauliza mtoto wa Ligula, akauliza kama nimekula ming'oko mwaka huu au siku hizi nakula semina tu. Ndipo, bila kuulizwa, akaniambia mzani mpya betri ikishuka namba inacheza, na makarani wadogo wanasoma kabla haijatulia. Analijua hilo wiki nzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja kuuliza magunia."

Betri zimenunuliwa kabla ya saa tatu. Jumatatu tunapima upya yote ambayo hayajatoka, na nitawaeleza wakulima mwenyewe kwa nini, hata kama tumbo linaniuma nikifikiria. Ile karatasi ya ukutani sijaibandua. Nimeiongezea mstari mmoja juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, na sitawaambia ni upi.

Kinachoninyima usingizi sasa ni kisima cha kuvunia mvua. Ule ufa umefika chini, naingiza kidole kizima. Fundi kasema anakuja kesho, kama alivyosema Jumapili iliyopita, na tangu jioni kuna mawingu mazito upande wa Ruvuma. Mvua za kwanza zikipita na ufa ule, mwaka mzima tutanunua maji ya ndoo. Chaji asilimia 6.