Bolti Saba za Sampu

Bolti iliingia mizunguko mitano kwa vidole, laini kabisa, kisha ikagoma. Nilikuwa nimelala chali chini ya MG TD, gari la zamani ambalo nimekuwa nikilifufua kwa miaka mitatu, tochi mdomoni, na bila kufikiri nikachukua spana. Bolti ikalia, ikazunguka nusu, ikalia tena. Nikajiambia ni kutu. Nilipoifungua ilitoka na vumbi la chuma linalong'aa, na kutu haing'ai.

Usiku huohuo nilikaa mezani na kalipa ya kupimia unene, na kipimo cha uzi, yaani cha meno ya bolti, kile cha visahani vyembamba vyenye meno. Bolti niliyoilazimisha ilikuwa ya inchi 5/16, uzi mwembamba wa Kimarekani, meno 24 kwa inchi. Bolti pekee ya asili iliyobaki kwenye sampu, lile beseni la mafuta chini ya injini, ilikuwa na unene uleule kwa macho, lakini kisahani kilichoikaa sawasawa kilikuwa cha milimita 1. Meno 24 kwa inchi ni milimita 1.058 kutoka jino hadi jino. Tofauti ni unene wa unywele, ila kila mzunguko unaongeza unywele mwingine, na ukifika wa sita umeshapotoka theluthi ya milimita. Tena pembe ya meno ni ileile, nyuzi 60 kwa zote mbili, ndiyo maana zinadanganyana vizuri namna ile mwanzoni.

Milimita, kwenye gari la Kiingereza la mwaka 1951! Na kichwa chake hakikubali spana ya milimita: ya 13 haiingii, ya 14 inacheza. Nilikosa bolti saba kama hiyo. Asubuhi nikazifunga sampuli zangu katika kopo tupu la rangi, nikatia kalipa mfukoni, nikaondoka.

Basi lilijaa, kopo likawa mapajani, likicheza njuga kila penye shimo. Mama aliyeketi pembeni yangu alivumilia kama saa nzima.

"Umebeba nini humo, mwanangu?"

"Bolti, mama."

"Unakwenda kuziuza?"

"Nakwenda kuzitafutia wenzake."

Akanitazama kwa huruma, akageukia dirisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa duka kubwa la vifaa, lenye droo ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Dada wa kaunta alipokea sampuli, akaisoma kwa jicho: milimita nane. Akaniletea nane. Ilikuwa ya uzi wa milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, ule wa kawaida ulioenea duniani kote. Nikamwomba wa 1.0. Akafungua droo ya nyuzi nyembamba na kweli akapata pakiti moja, vichwa vya 13, zimeandikwa 8.8 juu. Hiyo namba huwa naipenda kwa sababu haina porojo: nane ya kwanza ni nguvu ya kukatika, megapaskali 800, na nane ya pili ni kwamba itaanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Kwa usalama hazikuwa na kasoro. Kwa macho zilikuwa za gari jingine, ndefu kupita kiasi, na rangi yake ya zinki ya manjano ingeonekana hata gizani. Nikanunua mbili za akiba.

Akanishauri nichukue za chuma kisichoshika kutu. Wengi huzitumia kwa kung'aa kwake. Mimi nazikubali kwenye mapambo tu, pasipo na mzigo. Zile za kawaida ni dhaifu kuliko 8.8, na zina tabia ya kung'ang'aniana: nati na bolti zote zikiwa za chuma hicho, bila mafuta, zinaweza kushikana katikati ya safari zisiende mbele wala nyuma. Hapo ni msumeno.

Kutoka hapo nilitembea hadi uwanja wa vyuma chakavu, nje kidogo ya mji, na huko ndiko siku ilikokwisha. Mwenye uwanja alinionyesha mabaki ya lori la zamani na mapipa mawili ya mafuta yaliyokatwa, yamejaa bolti za kila ukoo. "Chagua mwenyewe, kaka. Mimi napima kwa uzito."

Nilipindua ndoo, nikaikalia.

Ukikaa muda wa kutosha na pipa la bolti unaanza kuona historia bila kufungua kitabu. Za juu, zenye tarakimu, ni za milimita. Chini yake zile zenye mistari mitatu kichwani kama miale, daraja la tano la Kimarekani, na chache zenye mistari sita, daraja la nane. Halafu zenye safu ya viduara vilivyogusana: hizo ni za Kiingereza za baada ya mkataba wa 1948, pale Uingereza, Marekani na Kanada zilipokubaliana uzi mmoja, baada ya vita kuwaonyesha kwamba nati ya mshirika mmoja haivai bolti ya mwenzake. Na chini kabisa, kwenye matope ya grisi, zisizo na alama. Hizo ndizo nilizozifuata.

Joseph Whitworth alipendekeza uzi wake mwaka 1841, pembe nyuzi 55. William Sellers wa Philadelphia akaja na nyuzi 60 mwaka 1864. Mtego wa hawa wawili uko kwenye idadi ya meno. Robo inchi ni 20 kwa wote, 5/16 ni 18 kwa wote, 3/8 ni 16 kwa wote, na nati ya huyu itapanda bolti ya yule ikikaza kidogo tu. Kisha kwenye nusu inchi, 12 kwa 13, na mtu aliyezoea kubahatisha anaharibu uzi hapo. Nimeona ekseli iliyoharibiwa hivyo. Haikuwa yangu, nashukuru kusema.

Hadi jua linaelekea kuzama nilikuwa sijapata hata moja ya uzi wa 1.0. Nilichopata ni bolti tisa ndefu za inchi 5/16, uzi mwembamba wa Kiingereza, meno 22, zilizokuwa zimefunga sanduku la mbao la lori. Ndefu kama kidole cha kati, uzi mwishoni tu, shingo laini. Nilizichukua kwa ajili ya kazi za chasisi siku za mbele, na pia kwa sababu mtu hawezi kutoka pale mikono mitupu.

"Nenda kwa mzee wa mashine," mwenye uwanja akaniambia akipima. "Asipokuwa nazo, hazipo."

Karakana ya mzee ilikuwa mwisho wa njia ya vumbi, mlango wa bati, mashine moja ya kukereza iliyopakwa mafuta mpaka inameta. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso, akanyoosha mkono. Nikampa sampuli. Akapitisha ukucha juu ya meno, akaichovya kwenye mwanga.

"MG," akasema. "Au Morris."

"MG, mzee. Umejuaje?"

"Uzi wa Kifaransa, kofia ya Kiingereza."

Akanieleza akifuta mikono. Hotchkiss walikuwa Wafaransa watengeneza silaha waliofungua kiwanda Coventry wakati wa Vita vya Kwanza. Vita vilipokwisha walianza kumtengenezea William Morris injini, na mwaka 1923 Morris akakinunua kiwanda chenyewe. Mashine zilikuwa zimepangwa kwa milimita, na kuzibadilisha zote ni gharama. Basi uzi ukabaki wa milimita, lakini kichwa kikachongwa cha Whitworth ili fundi wa Kiingereza asihitaji spana mpya. Mtindo huo ukarithiwa injini kwa injini hadi kwenye ya kwangu, miaka karibu thelathini baadaye.

"Kichwa hiki ni spana gani?" akaniuliza, kama mwalimu.

Sikujua. Akavuta droo, akanitupia spana iliyogongwa maandishi mawili, 1/4W na 5/16BS, yaani robo inchi ya Whitworth na 5/16 ya uzi mwembamba wa Kiingereza. Spana za ukoo huo huitwa kwa unene wa bolti, si kwa upana wa kichwa. Ilikaa barabara. Nikaijaribu, kwa udadisi tu, kwenye moja ya zile bolti tisa za sanduku la lori. Ikakaa vilevile.

Mzee alikuwa ameshaziona. Alichukua moja, akapima shingo yake laini: milimita 7.94. Kwa uzi wa nane, hiyo ni ndani ya kipimo kinachoruhusiwa. Hakusema kitu. Aliifunga kwenye mashine, akakata mkia wenye meno 22 ukaanguka sakafuni, akasawazisha ncha, akachukua dai, kile kifaa cha kuchongea meno ya bolti, ya 8 kwa 1 (unene milimita 8, jino hadi jino milimita 1), akadondosha mafuta, akaanza kuchonga uzi mpya juu ya shingo. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kukata unyoya wa chuma. Uzi wa kuchonga hauna nguvu kama uzi wa kuviringishwa kiwandani, aliniambia, na kwa bolti za rodi za injini angenifukuza. Kwa sampu, sawa.

Akachonga saba, na ya nane ya bahati mbaya. Giza lilikuwa limeingia. Akaniazima na tapu yake, kifaa chenye meno cha kusafishia uzi ndani ya matundu, kwa ahadi ya kuirudisha.

Kesho yake jioni nilirudi chini ya gari. Nilipitisha tapu katika kila tundu kwa vidole, grisi ya miaka sabini ikatoka kama nta nyeusi. Bolti ya kwanza ikaenda kwa vidole mpaka kichwa kikagusa. Ya pili. Sita zote hivyo, na spana ya mzee ikazimaliza.

Tundu la saba ndilo nililolilazimisha na spana. Tapu iliingia humo ikiyumba, ikatoka na meno mawili ya bloku. Litahitaji kuchimbwa na kuvishwa springi ya uzi, ile ya waya inayolipa tundu meno mapya, na hiyo ya 8 kwa 1 sikuiona kwenye droo yoyote ya lile duka. Tapu lazima irudi kwa mwenyewe Jumamosi. Nitaliuliza hukohuko.