Mtoto anayechechemea: kabla ya kuandika M67.3

Mtoto wa miaka mitano amelala mzima, ameamka anachechemea. Mama hajui kama alianguka. Labda aliteleza jana kwenye ngazi za ploti. Wiki iliyopita alikuwa na mafua. Joto ni 37.6. Mara nyingi huu ni uvimbe wa muda wa nyonga (transient synovitis), ambao kodi yake, yaani namba ya ugonjwa kwenye rekodi, ni M67.3: utando wa ndani ya kiungo unavimba, ute unajaa, mtoto anakwepa kuukanyagia mguu, na baada ya wiki moja au mbili yote yameisha. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 10, wavulana karibu mara mbili ya wasichana.

Ugumu ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha. Unaufikia kwa kuondoa mengine, na la kwanza kuondolewa ni usaha kwenye kiungo. Usaha hula gegedu na kukibana kichwa cha mfupa wa paja hadi kikose damu. Hapo tunahesabu saa, si siku.

Mlaze mtoto chali, mama akiwa karibu. Tazama mguu kabla ya kuugusa: ukiwa umekunjika kidogo na kugeukia nje, kiungo kimejaa, maana katika mkao huo ndipo kifuko chake kina nafasi kubwa zaidi. Kisha weka kiganja juu ya paja na ulibingirishe taratibu kama kifimbo cha kusukumia chapati. Kwenye uvimbe wa muda paja huzunguka kiasi, halafu mtoto anaanza kukaza, hasa ukiligeuza kuelekea ndani. Kwenye usaha, mtoto hupiga kelele ukilisogeza hata kidogo. Akikuonyesha goti, usidanganyike. Nyonga na goti hushiriki neva, kwa hiyo kila goti linalouma bila sababu ya wazi linadai nyonga ipimwe. Angalia pia unyayo, mgongo na tumbo.

Damu: hemogramu (hesabu ya seli za damu), pamoja na ESR na CRP, vipimo viwili vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Vigezo vinavyotumika sana vilichapishwa na Kocher na wenzake wa Boston mwaka 1999: homa inayozidi 38.5, mtoto kukataa kabisa kukanyaga, ESR ya milimita 40 kwa saa au zaidi, na seli nyeupe zaidi ya 12,000. Kwa watoto wao, asiye na kigezo hata kimoja alikuwa na uwezekano wa usaha chini ya asilimia 0.2; mwenye kimoja, asilimia 3; viwili, 40; vitatu, 93; vinne, zaidi ya 99. Hospitali nyingine zilipovijaribu zilipata uwezekano mdogo zaidi, kwa hiyo vitumie kama mizani, si kama hukumu. CRP inayozidi 20 mg kwa lita huongeza shaka.

Hapa Nairobi kuna mtego mmoja unaoharibu hesabu hiyo yote: kemisti. Mtoto amekwishapewa dawa ya homa asubuhi, pengine na antibiotiki ya siku mbili. Joto limeshuka, na usaha bado upo. Muulize mama alimpa nini na saa ngapi, na umwombe aonyeshe chupa.

Ultrasaundi huonyesha kama kuna maji, lakini haiwezi kusema ni ute au usaha. Shaka ikibaki, daktari wa mifupa avute maji hayo kwa sindano. Eksirei ya nyonga zote mbili ni lazima kwa mtoto mkubwa au anayechechemea muda mrefu. Mwenye selimundu, au anayekonda na kuumwa kwa wiki kadhaa, asirudishwe nyumbani na jina la uvimbe wa muda. Kwake fikiria maambukizi ya mfupa na kifua kikuu cha kiungo.

Sasa kodi, ambapo makosa hujirudia. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya kodi za magonjwa ya WHO, ugonjwa huu ni M67.3, na ukiongeza tarakimu ya eneo unapata M67.35. Toleo la Marekani hudai upande: M67.351 kulia, M67.352 kushoto, M67.359 pale upande haukuandikwa. Mfumo wa toleo moja unaweza kuikataa kodi ya toleo lingine, basi jua kwanza bima inasoma lipi. Daktari akiandika “synovitis” tu, afisa wa rekodi ataangukia M65.9, uvimbe wa utando usiotajwa aina. Akiandika “irritable hip”, orodha ya WHO itampeleka M24.8, hitilafu nyingine za kiungo. Na neno “aliteleza” peke yake humvuta mtu kuelekea S73.1, nyonga iliyoteguka, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Majibu ya maabara yakiwa bado, andika kinachoonekana: maumivu ya kiungo, M25.5, au kwa toleo la Marekani M25.552 kwa nyonga ya kushoto. Mwongozo wa Marekani kwa wagonjwa wasiolazwa unakataza kabisa kukodi ugonjwa ulioandikwa “huenda” au “inashukiwa”. Sisi tunaliona hili kuwa suala la usalama wa mtoto kuliko la malipo. M67.3 ikishaingia kwenye faili siku ya kwanza, anayempokea kesho usiku huisoma kama jibu, na hatalibingirisha paja lile tena.

Maelezo yanayotosha ni mafupi: “Miaka 5, nyonga ya kushoto, siku 2, mafua wiki iliyopita, joto 37.6 bila dawa, anakanyaga kwa kuchechemea, ESR 14, CRP 6, seli nyeupe 8,900. Uvimbe wa muda wa nyonga ya kushoto.” Hapo kodi inajitokeza yenyewe.

Tiba ni kupumzika na ibuprofen, 10 mg kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8 baada ya chakula. Mtoto asilazimishwe kutembea. Homa ikipanda au akikataa kukanyaga, arudi siku hiyo hiyo, hata usiku. Vinginevyo aonwe baada ya wiki moja, na ikifika wiki ya pili bado anachechemea, apigwe eksirei kutafuta Perthes, ugonjwa ambao kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kuharibika. Ikithibitika, kodi ibadilishwe kuwa M91.1.